Kijivu, Ndoo Mbili

Meneja alitaka mlima wa Bugarika
ukutani, nyuma ya kaunta ya mapokezi,
mita nne kwa mbili na nusu.
Mawe yaonekane, alisema, mawe ndiyo Mwanza.
Nyumba zipunguze.
Kidogo, au sana?
Akatazama saa yake. Fundi, mgeni halali Kapripointi
ili aamke kutazama mabati.

Nikanunua kijivu ndoo mbili pale Makoroboi.
Buluu ya ziwa aliilipia yeye, kikopo cha ng'ambo,
ghali kuliko sato yeyote aliyewahi kutoka humo.

Mimi nimezaliwa juu ya mlima ule.
Kwetu maskini ndiye mwenye mandhari:
gari halipandi, maji hayapandi,
ila kukicha ziwa zima ni lako,
unalitazama umejitwika ndoo tupu.

Nilianzia chini, kwa watu nisiowajua.
Brashi ya inchi tatu, mipigo miwili, nyumba imekwisha.
Kwa Bujiku kinyozi: jiwe.
Kwa wale mapacha wakaanga dagaa: jiwe.
Kanisa la mabanzi mkono ulisita,
nikaligeuza kichaka.
Kufika nyumba ya kumi sikuchanganya tena rangi:
kivuli cha nyumba na kivuli cha jiwe
hutoka ndoo moja.

Wala haikuwa mara ya kwanza.
Mwaka wa mvua kubwa nilishika brashi ya manispaa,
nyekundu, alama ya X, shilingi mia tatu kwa ukuta.
Sijachora kitu kikatazamwa vile.
Watu walitoka na watoto mgongoni,
wakasimama mbele ya mistari yangu miwili
kimya, muda mrefu,
na hakuna aliyeuliza nimesomea wapi.
Shangazi Nyanjige alisogea, akainamisha kichwa.
"Mguu mmoja umepinda," akasema.
Nikaunyoosha.

Jioni aliifunika kwa kalenda ya kiwanda cha samaki:
nyumba ya vigae, bustani, mbwa aliyeoshwa.
Wabomoaji hawakuja. Kalenda haikutoka.
Barazani kwake ni Juni, mwaka wa nane huu.

Nyumba yake niliiacha mwisho.
Nikanywa chai kwanza. Nikasafisha brashi isiyo chafu.
Kisha nikaipaka,
ila kwenye kamba ya nguo nilibakiza tone jekundu,
dogo, kama punje ya ulezi.
Meneja hapitwi. Hiki nini?
Ndege, nikasema.
Akampenda. Sasa huwaonyesha wageni yule ndege,
na yuko mama mmoja mwenye darubini
aliyeniuliza jina lake kwa lugha ya hapa.
Nikamwambia: Nyanjige.
Akaandika kwenye kijitabu.

Shangazi hajawahi kuvuka geti lile.
Nikampelekea picha kwenye simu, kioo kimepasuka,
ufa umepita katikati ya ziwa.
Akaivuta kwa vidole viwili, akashuka mlima, akapanda,
akitafuta njia ya kwenda kwake.
"Mimi niko wapi?"
Nikamwonyesha jiwe.
Alilitazama kama mtu anayekagua nyanya sokoni.
"Afadhali," akasema. "Hili halina alama."

Halafu akauliza nimelipwa ngapi.
Milioni mbili na nusu, na nusu yake bado wanayo.
Shangazi huuza mchicha, hesabu zake hazina karatasi:
bati moja elfu ishirini na nane,
hapo ni mabati themanini na tisa
na chenji ya sukari.
"Na nyumba ulizofuta?"
Arobaini na moja.
Akanyamaza, midomo ikicheza.
"Mawili mawili kila mlango. Yanabaki saba."
Akanirudishia simu, akainua beseni lake.
"Hayo saba," akasema, "tungeezeka choo."